Mwanangu anarusha mpira chuoni Marekani: aingie drafti au amalize shahada?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mwanangu wa kiume amezaliwa hapa Houston, yuko mwaka wa tatu chuoni na ni mrushaji wa besiboli. Maskauti, wale wasaka vipaji wa klabu za kulipwa, wamemwambia kwenye drafti ya Julai, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, anaweza kuchaguliwa raundi ya nane au ya kumi. Baba yake hataki hata kusikia, anataka shahada kwanza. Mimi nimechungulia takwimu zake nikaona wastani wake wa pointi umepita 5, nikahisi kama wanamdanganya mtoto wa watu. Sisi tumekulia netiboli na mpira wa miguu, mchezo huu hatuujui. Akichaguliwa inakuwaje? Analipwa? Anapelekwa wapi? Na mambo yakigoma huko, shule ndiyo imeshamponyoka?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na huo wastani, maana naona ndio umekukosesha raha kuliko yote, na kwangu mimi ndio wenye uzito mdogo kuliko yote uliyoandika.

Wastani huo ni hesabu ya pointi anazofungwa mrushaji kwa kila awamu tisa za mchezo, ukiondoa zile zilizotokana na makosa ya walinzi wake. Chini ya 3 ni mzuri sana, juu ya 5 unatia aibu. Sawa. Lakini kumbuka chuoni wanapigia gongo la aluminiamu au la nyuzi za kaboni, na ligi za kulipwa zote wanapigia gongo la mbao. Mwanao akiurusha mpira ukambana mpigaji karibu na vidole vyake, gongo la mbao huvunjika na mpira huishia miguuni kwa mlinzi. Gongo la aluminiamu litausukuma mpira uleule upite juu ya kichwa cha mlinzi, na mwanao ataandikiwa kuwa amepigwa. Skauti aliyekaa nyuma ya wavu na kipima kasi mkononi analijua hilo. Yeye haandiki pointi. Anaandika kasi ya mpira wa kwanza na kasi ya mpira wa themanini, ni mara ngapi mpigaji amezungusha gongo akaambulia hewa, na mkono wa kijana unavyotoka begani: kama unatoka kwa ulaini au kama unavutwa kwa nguvu.

Nikupe mfano wa mtu ambaye takwimu zake za chuo zingekufanya umshauri atafute kazi nyingine.

Jacob deGrom alisoma Chuo Kikuu cha Stetson, mji wa DeLand, Florida, jirani kabisa na kwao. Miaka miwili ya kwanza hakurusha. Alikuwa mlinzi wa kati ya besi (vituo vya kukimbilia) ya pili na ya tatu, mwenye mkono mkali na gongo dhaifu. Chuo kizima alipiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio) moja tu, na kichekesho ni kwamba mrushaji aliyepigwa hiyo alikuwa Chris Sale wa Chuo cha Florida Gulf Coast, kijana ambaye mwaka huohuo wa 2010 alichaguliwa wa 13 katika drafti nzima. Makocha wa Stetson waliona mkono ule unapotea bure, wakamsogeza kwenye kilima cha mrushaji akiwa mwaka wa tatu kama mwanao. Yeye mwenyewe hakupenda, alitaka kucheza kila siku. Msimu ule alishinda 4, akapoteza 5, wastani wake 4.48. Wala si takwimu za mtu wa kuitwa popote.

Klabu ya New York Mets ikamchukua raundi ya tisa, mchezaji wa 272, ikampa bonasi ya kusaini ya dola 95,000. Walichokiona hakikuwa kwenye jedwali. Waliona mwanamichezo mwenye mkono ambao haujachoshwa, kwa sababu wakati wenzake walikuwa wakirusha tangu utotoni, yeye alikuwa anadaka mipira ya ardhini.

Alipelekwa Kingsport, Tennessee, ligi ya wanaoanza. Akaanza mechi sita, awamu 26, wastani 5.19. Hapo dada yangu ungesema tumekwisha. Kumbe sababu ilikuwa ndani ya kiwiko. Oktoba 2010, hata mwaka haujaisha tangu awe mrushaji wa kweli, alifanyiwa upasuaji wa Tommy John.

Utalisikia jina hilo mpaka ulichoke, kwa hiyo nilieleze. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayofunga mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa mkono wa chini. Mrushaji anaporusha maili 95 kwa saa, yaani kama kilomita 153, kano hiyo inavutwa karibu na ukomo wake, na anaivuta hivyo mara tisini kwa mechi. Siku moja inachanika. Zamani ikichanika ndiyo basi, mtu anarudi shambani. Septemba 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa Tommy John, mrushaji wa kushoto wa Dodgers, akaipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa katika mifupa ya kiwiko kibovu. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na kuanzia hapo akashinda mechi nyingine 164. Siku hizi upasuaji huo ni wa kawaida kiasi kwamba kuna wazazi hapa Marekani wanaodhani unaongeza kasi. Hauongezi. Unarudisha kilichokuwepo, ukibahatika, baada ya miezi 12 hadi 18 ya mazoezi yanayochosha roho.

deGrom hakucheza hata mechi moja mwaka 2011. Alikuwa Port St. Lucie, Florida, kambi ya Mets, pamoja na majeruhi wengine. Mmoja wa majeruhi hao alikuwa Johan Santana, Mvenezuela aliyekwisha kushinda mara mbili tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, ambaye naye alikuwa anauguza bega. Santana alikuwa na chenjiapu, mpira wa polepole unaojifanya wa kasi, iliyowatesa wapigaji wa dunia nzima, na pale kambini, wakiwa hawana cha kufanya ila kurushiana taratibu, alimwonyesha kijana namna ya kuushika mpira.

Mwombe mwanao akuonyeshe nyumbani, ni jambo la kupendeza kuliona kwa karibu. Kidole gumba na cha shahada vinakutana pembeni ya mpira vikafanya duara, na vidole vitatu vinavyobaki vinaulalia mpira juu, ukiwa umezama kuelekea kiganjani. Mkono unakwenda kwa kasi ileile ya mpira wa kasi, bega lilelile, uso uleule. Ila kwa vile vidole vya nguvu haviko nyuma ya mpira, unafika ukiwa umepungua maili nane au kumi. Mpigaji anakuwa ameshamaliza kuzungusha gongo ndipo mpira unapita, na unapita chini kidogo ya pale alipodhani. Mrushaji mwenye mpira wa kasi na chenjiapu ya namna hiyo hahitaji kuwa jitu. Kwa jicho langu, mwaka ule ambao jedwali la deGrom ni tupu kabisa ndio uliomtengeneza.

2012 akarudi, kwanza Savannah, Georgia, wastani 2.51, kisha St. Lucie akapunguza zaidi. Ungedhani njia imenyooka. 2013 akapandishwa ngazi, Binghamton halafu Las Vegas, na wastani ukapanda tena ukapita 4. Las Vegas penyewe ni jangwani, juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 600, hewa kavu na nyepesi, mpira unaruka tu. Mrushaji aliyefungwa pointi nne pale huenda amerusha vizuri kuliko aliyefungwa mbili kwenye uwanja wa pwani wenye hewa nzito. (Kuna wakati alivunjika kidole cha mkono wa kushoto akihasi ndama nyumbani kwao. Mgogo au Mkurya akisikia hayo atamwona ni mtu wa kwao kabisa.)

Novemba 2013 Mets walilazimika kuamua. Kanuni ni kwamba mchezaji aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi, baada ya misimu minne hivi, klabu lazima imuweke kwenye orodha ya watu 40 wa ligi kuu, la sivyo klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua. Wakamuweka. Mei 2014 akaitwa New York, na mpango ulikuwa awe mrushaji wa akiba. Mwenzake Dillon Gee akaumia, nafasi ikaangukia kwake. Mei 15 alirusha awamu saba dhidi ya Yankees, akafungwa pointi moja, akapoteza 1-0. Mwisho wa msimu alikuwa na wastani wa 2.69 na tuzo ya mchezaji mpya bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Cy Young mbili zikafuata, 2018 na 2019. Siku anaanza mechi yake ya kwanza ligi kuu alibakiza mwezi mmoja na siku chache kutimiza miaka 26.

Simaanishi kwamba mwanao ni deGrom. Wengi wa wanaochaguliwa raundi ya tisa hawafiki ligi kuu hata siku moja, na ninawafahamu vijana wenye mikono mizuri kuliko wangu, na leo hii wanauza bima. Ninachotaka ukione ni kwamba katika miaka minne ile kila ulipoyaangalia mahesabu yake yalikudanganya, mara yakikutisha, mara yakikupa matumaini ya bure. Vitu vitatu ndivyo vilivyokuwa vinasema kweli: afya ya kiwiko, idadi ya aina za mipira anazoweza kuzirusha kwa uhakika, na umri wake ukilinganisha na ngazi aliyopo.

Kwa hiyo mwulize mwanao maswali mengine. Anawatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu, yaani kwa kukosa au kuacha mipira mitatu mizuri, na anawapa wangapi besi ya bure kwa kurusha nje ya lengo? Akiwatoa watatu kwa kila mmoja anayempa bure, wastani wa 5 usikunyime usingizi. Kasi yake awamu ya sita ni ileile ya awamu ya kwanza? Ana mpira wa pili unaoweza kumshinda mpigaji wa kushoto? Akisema ana wa kasi na slaida (ule unaokata pembeni) tu, maskauti wanamwona kama mrushaji wa akiba wa baadaye, na hilo linashusha bei.

Sasa pesa, kwa vile wewe umeuliza kwa adabu na mzee atauliza kwa ukali.

Drafti siku hizi ina raundi 20 na hufanyika Julai. Mtu wa chuo cha miaka minne anaruhusiwa akishamaliza mwaka wa tatu au akifika miaka 21. Kila nafasi katika raundi kumi za kwanza ina thamani iliyopangwa, na thamani za nafasi zote za klabu zikijumlishwa ndizo zinakuwa mfuko wake. Raundi ya nane hadi ya kumi thamani hiyo kwa sasa ni kama laki mbili za dola hivi, juu au chini kidogo. Ila hapa ndipo wazazi wengi wanapigwa chenga. Raundi hizohizo ndizo klabu hutumia kubania pesa: wanamchukua mwanafunzi wa mwaka wa nne asiye na pa kurudi, wanampa dola elfu chache, na kinachobaki wanakihamishia kwa kijana wa sekondari waliyemchukua juu. Na mchezaji wa raundi kumi za kwanza akikataa kusaini, thamani ya nafasi yake inafutwa mfukoni. Kwa sababu hiyo hawachagui kwa kubahatisha. Watapiga simu kabla, na swali litakuwa moja: utasaini kwa kiasi gani?

Jibu la swali hilo lazima liwe limekaa mezani kwenu kabla ya Julai, wewe na mzee na kijana, kwa sauti moja. Simu inaingia, klabu ina dakika chache tu kabla ya zamu yake kwisha, na kijana wa miaka 21 peke yake na simu atasema kiasi cha kwanza kinachomjia mdomoni. Ajue pia kwamba kuanzia raundi ya 11 klabu inaweza kutoa hadi dola 150,000 bila kugusa mfuko. Ndiyo maana unaweza kukuta aliyechukuliwa raundi ya 11 amelipwa mara kumi ya aliyechukuliwa raundi ya tisa. Namba ya raundi ni ya kujivunia kwenye kundi la WhatsApp la familia, haina kazi nyingine.

Na nguvu yake yote ya kudai iko mwaka huu. Mwaka wa tatu ana la kusema: nisipopata hiki narudi darasani. Mwaka wa nne hana tena, na wao wanajua. Kwa hiyo wazo la mzee la kusubiri shahada lina gharama, na gharama hiyo inalipwa kwenye bonasi. Tena kurudi chuoni nako si kama zamani. Tangu mapatano ya mahakama ya mwaka 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango wa kulipa wachezaji moja kwa moja vinaruhusiwa kuwa na wachezaji 34 tu wa besiboli, huku zamani vikigawana ufadhili wa watu 11.7 kwa kikosi kizima. Ufadhili unaweza kuwa mnono zaidi, lakini viti ni vichache, na kila kiangazi wanaingia wahamiaji kutoka vyuo vingine. Kocha aliyemwambia "nafasi yako ipo" aulizwe ni nafasi ipi na kwa ufadhili wa kiasi gani.

Mshahara wa ligi ndogo, zile za chini ya ligi kuu zinazopanda kutoka A, AA hadi AAA, ulikuwa aibu ya taifa. Septemba 2022 wachezaji wa ligi ndogo waliingia chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mwisho wa Machi 2023 wakapata mkataba wa pamoja wa kwanza katika historia yao. Kima cha chini cha mwaka kwa ngazi ya A kikatoka dola 11,000 hadi 26,200. AA kikafika 30,250, na AAA 35,800 kutoka 17,500. Anayebaki kambini kwenye ligi za mazoezi za Florida na Arizona, aliyekuwa anapata 4,800, akafikishiwa 19,800. Makazi yanatolewa na klabu. Bado ni pesa ya dereva anayeanza kazi, na kwa mtu wa ligi kuu kima cha chini kilikuwa dola 760,000 mwaka 2025, kwa hiyo unaona shimo lililopo kati ya AAA na ghorofa inayofuata. Bonasi ya kusaini ndiyo itakayomlisha njiani, akishamaliza kumlipa wakala na mtoza kodi. Msiinunulie gari.

Kuhusu atapelekwa wapi: siku hizi mrushaji wa chuo akishasaini Julai, klabu nyingi hazimruhusu arushe mechi za maana mwaka huo. Ametoka kumaliza msimu mzima, mkono umechoka. Anapelekwa kambini, wanampiga picha na kamera zinazonasa vidole vikiuachia mpira, wanapima mpira unajizungusha mara ngapi kwa dakika, wanambadilishia mshiko wa slaida. Mwaka unaofuata, Aprili, anatupwa ngazi ya A au A ya juu. Mechi sita kwa wiki, Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu mapumziko au basi. Yeye kama mrushaji wa kuanza atarusha mara moja kwa wiki hivi, siku zilizobaki ni mazoezi, kunyoosha misuli, na kukaa benchi akiandika wapigaji wanapenda nini. Vijana wengi wa kwetu huwa wanaumizwa na upweke kuliko mazoezi. Mpigieni simu Jumatatu.

Wapo wanaoruka ngazi hizo. Jirani zenu wa Louisiana watakusimulia habari za Paul Skenes, na nakuomba usimchukue kuwa kipimo. Alianzia Chuo cha Jeshi la Anga, Colorado, akiwa mdakaji na mrushaji kwa pamoja, miaka miwili. Angeanza wa tatu angefungwa na wajibu wa kulitumikia jeshi, akahamia LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Msimu wa 2023 akawatoa wapigaji 209 kwa awamu 122 na theluthi mbili, wastani 1.69, LSU ikachukua ubingwa wa taifa. Pittsburgh Pirates wakamchagua wa kwanza kabisa, bonasi dola milioni 9.2. Mwaka huo wakamruhusu awamu sita na theluthi mbili tu, unaona wanavyoulinda mkono wa bei hiyo. Mei 11, 2024 alikuwa ligi kuu, na mwaka uliofuata akashinda Cy Young. Miezi kumi kutoka drafti hadi juu. deGrom ilimchukua karibu miaka minne, na mwanao akifika kwa minne mtachinja mbuzi.

Mfano unaowahusu zaidi, ingawa hauna furaha, ni wa Kumar Rocker, mrushaji wa Chuo cha Vanderbilt. Mwaka 2019, mwaka wake wa kwanza, aliwatoa wapigaji 19 wa Chuo cha Duke kwa straiki katika mechi ambayo hawakupata hata pigo moja. Nchi nzima ikamjua. 2021 Mets walimchagua wa kumi, wakakubaliana milioni 6, halafu wakaona picha za vipimo vya mkono wake, wakajitoa. Hakupata hata senti. Alifanyiwa upasuaji mdogo wa bega, 2022 akarusha katika ligi huru na timu ya Tri-City, New York, na Texas Rangers wakamchagua wa tatu kwa milioni 5.2. Mei 2023 kiwiko nacho kikahitaji Tommy John. Alifika ligi kuu Septemba 2024. Kijana aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote chuoni alitibuliwa mipango na karatasi ya daktari, hata baada ya mkono kupeanwa.

Shule sasa, kwa ajili ya mzee. Katika mkataba wa kwanza kuna kipengele cha klabu kulipia masomo yaliyobaki. Kinajadiliwa siku ya kusaini, na kisipoandikwa siku hiyo hakipo. Kinahesabiwa kwa mihula na kiasi cha dola kwa kila muhula, kwa hiyo kijana aliyebakiza mihula miwili adai mihula miwili kwa ada halisi ya chuo chake, si ada ya kubuni. Akiacha besiboli ana miaka miwili ya kuanza kukitumia, akichelewa kinakufa. Nimeona watu wazima wenye watoto wakimaliza shahada zao kwa kipengele hicho, na nimeona wengine wakikigundua kikiwa kimeshapitwa na wakati. Mzee akikisoma kwa macho yake nadhani atalegeza kamba.

Ushauri wangu mimi, ukinibana: kama kiwiko ni kizima, na kinachotolewa kinazidi waziwazi gharama ya kumalizia masomo, na kipengele cha shule kimo, aende mwaka huu. Wakimletea dola elfu kumi kwa jina la raundi ya tisa, abaki, amalize, na ajifunze chenjiapu. Katikati ya hapo ni maamuzi ya nyumbani kwenu na sina haki ya kuyaingilia.

Kuna ndugu zetu watasoma hapa wakiwa Kampala au Dar, na wameanza kuuliza kwa sababu Waganda sasa wanasainiwa. Dodgers waliwachukua Umar Male na Ben Serunkuma 2022, na Pirates wakamsaini mrushaji David Matoma. Hao hawakupita drafti. Kijana anayesaini akiwa kwao Afrika, hajawahi kuandikishwa shule wala chuo cha Marekani, ni mchezaji huru wa kimataifa na anaweza kujadiliana na klabu yoyote. Akishaandikishwa sekondari au chuo hapa, anaingia kwenye drafti kama Mmarekani, pasipoti yake iwe ya rangi gani. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi kuna mengine ya kuangalia, hasa malipo anayoahidiwa chuoni. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini karatasi yoyote. Mwanao amezaliwa Houston, hilo halimhusu.

Linalomhusu ni mawakala. Kabla hajasaini bado yuko chini ya kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na mtu anayejiita mshauri wake akianza kuongea na klabu kwa niaba yake, kijana anaweza kusimamishwa. Ilimtokea Andy Oliver, mrushaji wa Oklahoma State, mwaka 2008, kwa sababu tu wanasheria wake walikuwepo nyumbani wakati Minnesota Twins walipokuja kuongea na familia alipotoka sekondari. Alishtaki, ikaishia kwa NCAA kumlipa dola 750,000, lakini mechi alizokosa hazikurudi. Kanuni zimelegezwa kidogo tangu wakati huo. Apite ofisi ya kanuni ya chuo chake, aulize leo zinasemaje, na ajibiwe kwa maandishi.

Na vipimo. Kama chuoni wamewahi kumpiga MRI (picha ya ndani ya mwili) ya bega au kiwiko, ombeni nakala za picha zenyewe pamoja na ripoti, mkae nazo nyumbani, na mzitafutie daktari wa mifupa asiye wa chuo wala wa klabu azisome kabla ya Julai. Klabu zitaziomba. Mjue kilichomo kabla hawajajua wao.